Rangi chini ya kucha

Aliyeiona kwanza ni mama wa mgonjwa. Ilikuwa saa kumi alfajiri, niko gadi, yaani zamu ya hospitali, nimeinama juu ya mkono wa mtoto wa miezi minane aliyekaushwa na kuhara. Mtoto akipungukiwa maji mishipa yake hujificha, na mimi kabla ya kuvaa glavu huipapasa kwanza kwa kidole kitupu. Mama alikuwa ananimulikia kwa simu. Akasema polepole, kwa ile heshima inayochoma kuliko tusi: "Dokta, uko na kintu ya majani mu vidole."

Nikaangalia. Chini ya kucha ya kidole gumba kulikuwa na mstari wa kijani, mwembamba kama uzi. Na nilikuwa nimenawa kwa sabuni mara mbili.

"Ni dawa," nikamwambia.

Mtoto alipona, kama unataka kujua. Alikunywa, akakojoa, akalia kwa hasira, dalili nzuri zote. Mimi ndiye niliyerudi nyumbani na aibu. Rangi si haramu. Lakini nilijua mama yule angejiuliza nini: huyu dokta, usiku ambao hayuko hapa anaupeleka wapi? Na nilijua pia kwamba swali hilo nilikuwa najiuliza mwenyewe tangu nimalize masomo, sijapata jibu la kumpa mtu.

Nimezaliwa Lubumbashi, komini ya Kenya. Wasomaji wa Nairobi wasinielewe vibaya: Kenya yetu ni mtaa, una soko kubwa na kelele zake. Baba alikuwa mtu wa shaba, kama baba za nusu ya watoto niliosoma nao. Sebuleni kwetu kulikuwa na picha mbili. Moja ni Mamba Muntu, mwanamke nusu samaki, nywele ndefu, saa mkononi, nyoka begani. Nyingine ilikuwa ile ambayo nyumba nyingi za hapa ziliwahi kuwa nayo: mfungwa amelazwa chini anachapwa fimbo, na mzungu wa serikali amesimama pembeni na kofia yake. Chini yake imeandikwa Colonie belge. Zote mbili zilichorwa juu ya kitambaa cha gunia la unga, na ukiinua kona ulikuwa bado unaona herufi za kiwanda cha unga.

Mgeni alipokaa tu, baba alianza. Babu yako alichapwa hivi, mwaka fulani, sababu ya kodi. Mamba Muntu anakupa mali, lakini siku moja atakuja kudai mtu wa nyumbani mwako. Picha zile baba hakuziangalia sana. Alizisimulia. Neno alilotumia ni ukumbusho. "Hii si urembo," alisema, "ni ukumbusho." Neno hilo nililisikia kama unavyosikia jina la chumvi, bila kulifikiria, mpaka lilipokuja kunipiga nikiwa mtu mzima. Nitafika huko.

Nilipomaliza sekondari nilimwambia baba nataka kusoma uchoraji. Hakunikaripia. Alikula bukari yake, ugali wa kwetu, mpaka mwisho, akanawa, akasema: "Kuchora ni kazi ya kufanya kisha kula. Sasa kula kutatoka wapi?" Nikaenda udaktari, Chuo Kikuu cha Lubumbashi, miaka saba. Baba alikuwa na haki yake. Wachoraji wa mtaani kwetu tuliwaona wakitembeza picha kwapani mlango kwa mlango, jioni wakarudi nazo.

Mwaka 2008, Rencontres Picha, tamasha la picha na sanaa la jiji letu, ilipofanyika mara ya kwanza, nilikuwa mwanafunzi, na jiji likaanza kuzungumza juu ya picha kwa namna nyingine. Kipindi hicho ndipo nilipoona kazi za Sammy Baloji, kijana wa hapa hapa, ambaye alichukua picha za kale za wafanyakazi wa migodi, weusi na weupe, akawasimamisha mbele ya mitambo iliyokufa ya siku hizi. Nilimwonyesha baba. Alinyamaza muda mrefu, kisha akaanza kutaja majina ya mashine. Sikumbuki somo la anatomia nililosoma wiki ile, ila majina ya mashine zile ninayo mpaka leo.

Nikiwa staji, mazoezi ya kazi ya udaktari, nikamtafuta mzee mmoja wa mtaani, mchoraji wa magunia, nikamwomba anifundishe. Alicheka. Mwanamke, tena dokta? Akanipa kazi ya kupaka weupe kwenye vitambaa kwa miezi miwili, bila kugusa rangi nyingine. Nadhani alitaka niondoke. Nilikuwa nafika kwake baada ya gadi, macho mekundu, napaka weupe, naenda kulala.

Mzee yule hakusoma shule ya sanaa, lakini historia ya sanaa ya jiji hili aliijua kama ukoo wake. Alinisimulia Hangar, shule aliyoianzisha Romain-Desfossés mwaka 1946, jiji likiwa bado linaitwa Elisabethville, na jinsi mzungu huyo alivyowakataza wanafunzi wake kuiga picha za Ulaya. Kwa hiyo kila mmoja akatoka na mkono wake: Pili Pili Mulongoy na samaki na ndege zake, Bela akipaka kwa ncha za vidole, Mwenze Kibwanga akijenga mtu mzima kwa mistari mifupi mifupi kama mtu anayesuka mkeka. Na juu ya wote mzee alimweka Tshibumba Kanda Matulu, aliyechora historia ya nchi nzima, picha karibu 100, kati ya 1973 na 1974, na kuzieleza moja moja kwa Kiswahili chetu hiki mbele ya mtafiti Johannes Fabian. Baadaye, mwanzoni mwa miaka ya themanini, Tshibumba akapotea. Hakuna aliyejua alikoishia. Mzee alipofika hapo aliacha kupaka, akasafisha brashi ambayo ilikuwa tayari safi.

Watu huniuliza muda naupata wapi. Muda unapatikana. Ninachora Jumamosi asubuhi na siku inayofuata gadi, kuanzia saa tisa mchana, nikishalala. Usiku sichori, kwa sababu ya umeme wetu, na pia kwa sababu kila kitu kilichochorwa chini ya balbu huonekana kibaya asubuhi. Natumia rangi ya mafuta. Akriliki inakauka kabla hujamaliza kujibu simu ya wodini, lakini rangi ya mafuta inanisubiri. Naiacha mbichi, naenda kazini saa ishirini na nne, narudi naikuta bado inakubali kuguswa. Mume wangu alilalamikia harufu ya tapentaini, akawa na haki, nikahamia baraza ya nyuma karibu na jiko la makala. Hayo yote ni mambo ya kupanga, na mtu yeyote mwenye nyumba anajua kupanga.

Kinachokwisha ni macho. Hilo hakuna aliyeniambia. Udaktari wa watoto ni kazi ya kuangalia: mtoto mchanga hakwambii linalomuuma, unasoma mbavu zinavyoingia, pua inavyotanuka, ngozi ya tumbo inavyorudi ukiibana. Ukitoka hapo umeangalia watoto arobaini. Kisha unakaa mbele ya kitambaa na kazi ni ile ile, kuangalia. Mara nyingi nimekaa barazani mikono ina nguvu, saa zipo, rangi ipo, na macho yamegoma. Siku hizi siku kama hiyo nachambua sombe, majani ya muhogo, na wala sijilaumu.

Kuna kitu kimoja ambacho uchoraji ulikipeleka wodini na kikakaa. Mwongozo wa WHO unatufundisha kutafuta upungufu wa damu kwenye kiganja cha mtoto: kimepauka, kimepauka sana. Kwenye wodi yetu usiku kiganja hicho tulikuwa tunakiangalia kwa taa ya simu. Sasa, mtu yeyote aliyewahi kuchanganya rangi anajua kwamba rangi haikai kwenye kitu peke yake; taa nayo huchangia. Taa ya simu ina ubuluu ndani yake, inakausha wekundu wote, na chini yake hata kiganja changu kinaonekana cha mtu wa kuongezewa damu. Taa yetu ya neon nayo ilikuwa ya zamani, nusu kijani, inaficha umanjano wa macho. Nikawaomba wauguzi: yule ambaye anaweza kusubiri, tumwangalie tena dirishani kukipambazuka, kiganja chake kando ya kiganja cha mama yake. Daktari mmoja mkubwa kwangu alicheka mbele ya wanafunzi, akasema nataka kufanya wodi kuwa studio. Mama mkubwa wa wauguzi hakucheka. Alisogeza meza ya kupimia ikawa chini ya dirisha, na iko pale mpaka leo.

Ila njia hiyo ina pande mbili, na upande wa pili ulinitisha. Usiku mmoja wa masika umeme ulikatika, tukawasha mshumaa wakati jenereta inatafutwa. Aliletwa mtoto wa miaka mitatu anatetemeka kwa degedege la malaria. Mama yake alikuwa amempakata, kitenge chake kikubwa cha rangi ya chungwa kimeshika mwanga wa mshumaa upande mmoja, upande mwingine kimezama kwenye giza, na mkunjo mmoja ulikuwa unashuka kutoka begani mpaka kwenye kisigino cha mtoto. Nikauangalia ule mkunjo. Si kwa muda mrefu, labda sekunde nne. Muuguzi akasema, "Dokta, diazepam?" na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeuliza kwa mara ya pili.

Tulimpa, degedege likaisha, artesunate ikaingia, na siku ya nne mtoto alikuwa anakimbia koridoni. Sekunde nne hazikumdhuru. Lakini tangu siku ile kijitabu changu cha kuchorea hakiingii kwenye koti jeupe. Kinabaki nyumbani, juu ya friji. Na mkunjo ule sijauchora. Nimejaribu mara tatu, kila mara nasikia lile swali.

Sasa nifike kwa mvulana.

Alikuwa na selimundu, ugonjwa ambao huku watu wanauita SS. Wasiojua Lubumbashi wanadhani Kongo yote ni joto. Juni na Julai usiku kwetu baridi inauma, na baridi ni adui wa watoto hawa. Chembe za damu yao zinakuwa kama mundu, zinaziba mishipa midogo, na maumivu yake mtu mzima hawezi kuyabeba. Kila msimu wa baridi alikuwa anakuja kwetu siku kumi, siku kumi na mbili. Tulizoeana. Kuna siku aliona picha kwenye simu yangu akajua ninachora, akaniagiza: nimchore, amevaa viatu vya TP Mazembe. Alikuwa na miaka tisa. Nikamwuliza mama yake, akakubali, akasema hata yeye angependa, mutoto huyu hana picha nzuri.

Nilifanya kazi ile wiki sita, na kiburi changu kilikuwa kikubwa. Nilijua kila kitu cha uso ule. Mashavu yaliyoinuka kwa sababu uboho ndani ya mifupa unafanya kazi kupita kiasi. Midomo mikavu. Na macho: umanjano wa macho yake ulinichukua siku nne peke yake, kwa sababu si manjano ya embe wala ya limau, ni manjano yenye uchovu ndani, niliyapata kwa okra, rangi ya udongo wa manjano, na weupe na tone dogo la kijani. Nilipomaliza nilijua kabisa kwamba sijawahi kuchora kitu cha kweli kama kile. Nikaifunga kwa kitenge, nikampelekea mama yake kwao, mtaa wa Katuba.

Baada ya juma moja alikuja nayo hospitalini, imefungwa kwa kitenge kile kile, ameifua na kuipiga pasi.

"Dokta, aksanti sana," akasema. "Lakini huyu njo ugonjwa. Mutoto wangu iko wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Niliifungua pale kwenye benchi na nikaona alichokiona. Ilikuwa fishi, karatasi ya hospitali ya kuandikia hali ya mgonjwa. Kila kitu ambacho ningeandika kwenye fishi ya mgonjwa kilikuwepo, kimepakwa vizuri kwa rangi ya mafuta. Mvulana ambaye alikuwa anaiga sauti ya mtangazaji wa mpira mpaka wauguzi wanashika mbavu, ambaye aliwahi kunificha stetoskopu chini ya mto, hakuwepo.

Nimesoma habari za Henry Tonks, Mwingereza aliyekuwa daktari wa upasuaji kisha akaacha kisu na kuwa mwalimu wa uchoraji London. Vita ya Kwanza ya Dunia ilimrudisha hospitalini. Alichora kwa pasteli askari waliovunjwa nyuso, ili kumsaidia daktari Harold Gillies aliyekuwa anawatengeneza upya. Kazi zile zilikuwa kumbukumbu ya matibabu, na Tonks hakuona kwamba zinafaa kutazamwa na watu wa kawaida. Ninamheshimu kwa hilo. Alijua anachora fishi, na aliziweka mahali pa fishi. Mimi niliichora fishi nikaipeleka sebuleni kwa mama wa mtu.

Nikaibeba picha mpaka kwa mzee wangu. Wakati huo alikuwa ameanza kuugua, anakaa mlangoni na blanketi magotini. Aliiangalia sana, akasifu macho. Kisha akaniuliza: "Mwenye nyumba, akiangalia, atasimulia nini?"

Nikamwambia mama yake ameirudisha.

"Njo vile. Picha ni ukumbusho. Muntu akiangalia, anaanza kusema. Huyu mama akiangalia hii, anaanza kulia tu. Kulia si kusema."

Basi hapo ndipo neno la baba lilinipiga. Miaka yote nilidhani shida yangu ni kugawanya: saa ngapi za hospitali, saa ngapi za baraza. Kumbe nilikuwa nimeingia barazani nimevaa koti jeupe, na sikujua. Ninayeandika fishi ndiye niliyemwacha ashike brashi, kwa sababu yeye ndiye anayelipwa na kuheshimiwa na kuitwa Dokta barabarani.

Kwa hiyo nina desturi, sijui niiite nini. Mgonjwa simchori mpaka nimekutana naye nje ya hospitali mara tatu. Sokoni, kanisani, kwao. Picha siuzi kwa familia ya mtoto ninayemtibu; hilo lilinifundisha baba mmoja aliyenunua mandhari yangu ya kile kilima cheusi cha mabaki ya shaba, akanilipa mara mbili ya bei niliyotaja, na wiki iliyofuata akapita mbele ya foleni ya akina mama ishirini akinipungia mkono kama mtu aliyelipa nauli. Nilimrudishia pesa zake. Picha alikataa kuirudisha, iko kwake, na ni mojawapo ya nzuri nilizochora, jambo linaloniudhi hadi leo.

Na nimeacha kusema ni dawa. Mama akiniona na rangi kidoleni namwambia ni rangi, kisha navaa glavu. Wengi wanacheka. Mmoja aliniuliza kama ninapaka nyumba, bei gani kwa chumba.

Mvulana nilimchora upya baada ya mwaka na zaidi. Nilikwenda kwao Katuba Jumapili tatu, nikala bukari na samaki, nikamtazama akiwatangazia watoto wa jirani fainali ya Mazembe na Inter ya mwaka 2010, mechi iliyochezwa kabla yeye hajazaliwa, na ambayo kwenye utangazaji wake Mazembe walishinda. Nilimchora hivyo: amesimama juu ya kreti ya bia, mdomo wazi, mkono mmoja sikioni. Macho yamefumbwa kwa makelele.

Mama yake ameitundika juu ya televisheni. Nilipopita Krismasi alikuwa na wageni, na kabla sijakaa nilimsikia anawaeleza: huyu hapa anasema bao, na lile kreti ni la mjomba wake, na alivunja chupa mbili siku ile.

Mvulana mwenyewe ana ndevu za kwanza sasa na sauti imekuwa nzito. Alinivuta pembeni. Alikuwa na malalamiko, alisema, ambayo ameyaweka muda mrefu kwa heshima. Viatu. Nilimpa viatu vya kahawia, na Mazembe ni nyeusi na nyeupe. Nikamwambia siku ile alivaa viatu vya kahawia, vya shule.

"Najua, Dokta," akasema. "Lakini njo ukumbusho yangu."

Jumamosi nitapeleka rangi nyeusi.